Swali Litangulie Mkono

Ni nyumba gani isiyo na mtu anayelalamika juu ya mgongo? Mama arudipo shambani na mzigo wa kuni, ukanda ukimkaza kipajini, hushika kiuno kabla ya kuketi. Baba aliyepakia magunia kutwa hugeuka kitandani kwa kuguna. Ndipo jirani husema: «Nenda kwa fulani, anajua kunyosha mgongo.» Leo twataka kusema nanyi juu ya mkono huo unyoshao: lini wafaa, na lini waweza kuleta msiba.

Mgongo si mfupa mmoja. Ni pingili zilizopandana: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, na chini yake zile zilizoungana. Kati ya pingili na pingili pana kitu laini kama mto mdogo; na katika tundu la pingili hizo hupita kamba ya mishipa ya fahamu, ichukuayo amri za ubongo mpaka miguuni.

Miongoni mwa ufundi wa kutibu viungo kwa mikono, mmoja umejulikana katika nchi nyingi, nao huitwa kiropraktiki. Ulianzishwa na D. D. Palmer mwaka 1895, katika mji wa Davenport, Marekani. Huyu alifundisha ya kuwa karibu magonjwa yote hutoka katika pingili zilizohama mahali pake. Fundisho hilo halikuthibitika. Hata ule mlio usikiwao mgongo unaposukumwa si wa mfupa urudio mahali pake. Ni wa kipovu cha hewa katika maji ya kiungo.

Hata hivyo hatusemi kwamba ufundi wenyewe ni bure. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 waliumwa kiuno. Mwaka 2023 lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya kiuno yadumuyo, likahesabu tiba ya mikono kati ya mambo yawezayo kufaa, pamoja na mazoezi ya mwili na mafundisho ya kumsaidia mgonjwa ajitunze. Mishipi ya kukaza kiuno halikuipendekeza. Tena, maumivu mengi yaanzayo ghafula hupungua yenyewe kwa majuma machache, mradi mtu asilale siku nyingi, bali atembee na kurudia kazi yake kidogo kidogo.

Lakini, ndugu, kuna mgongo usiopaswa kusukumwa na fundi yeyote. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Chaweza kuingia katika pingili na kuzila. Percivall Pott, daktari mpasuaji wa London, aliueleza ugonjwa huo wa mgongo mwaka 1779. Maumivu huja polepole, mwezi kwa mwezi; mara nyingi mgonjwa hukonda, hupata homa na kutoka jasho usiku; hatimaye mgongo hufanya kibiongo. Watu husema: «Amerogwa.» Ama humpeleka kwa mnyoshaji, naye akiisukuma pingili iliyokwisha kulika, yaweza kuvunjika na kuibana ile kamba ya mishipa ya fahamu, miguu ikapooza. Na maradhi haya yana dawa! Yakigunduliwa mapema, vidonge vinywewavyo kwa miezi mingi bila kukatizwa huyaponya, na mtoto hukua akisimama wima.

Kwa hiyo swali litangulie mkono. Kabla hajaguswa, mgonjwa aulizwe: Una homa? Umekonda? Umeanguka karibuni? Umepata kuugua saratani? Miguu yalegea au kufa ganzi? Mkojo watoka bila wewe kujua, au wakataa kutoka? Jibu likiwa «ndiyo» hata kwa moja tu, aende kwanza kwa daktari. Na miguu ikilegea au mkojo ukiharibika, afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Mnyoshaji asiyeuliza lolote, msimpe mgongo wenu. Wala shingo isizungushwe kwa nguvu: ingawa ni nadra, mshipa upelekao damu ubongoni umepata kupasuka.

Na nyumbani je? Kuuliza si ujinga; basi tujiulize pia kwa nini mgongo wauma. Mzigo mmoja mzito na ugawanywe kuwa miwili. Anayeinua akunje magoti, auweke mzigo karibu na kifua, asijipinde kiunoni. Mume na wana wenye nguvu wasikae wakimtazama mama akibeba peke yake kuni, maji na mihogo ya watu wote. Fundi wa viungo aweza kuyapunguza maumivu ya leo. Lakini mzigo ule ukibaki juu ya mgongo uleule, kesho yatarudi.