HAYA ISIWE KIZUIZI CHA MALEZI

Mwaka 2021 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianzisha mahakama maalumu za kusikiliza kesi za udhalilishaji. Hatua hiyo ilistahiki kupongezwa. Lakini hakimu hutoa hukumu kwa ushahidi, na mara nyingi shahidi mkuu ni mtoto mwenyewe. Mtoto ambaye nyumbani hakufundishwa hata majina ya viungo vyake, na kila akiuliza hukaripiwa, atapata wapi maneno ya kumweleza mama yake, seuze hakimu, alilotendewa? Ulinzi wa mtoto, basi, hauanzii mahakamani. Unaanzia nyumbani.

Inafaa ikumbukwe kwamba wazee wetu hawakuliacha jambo hili lijiendee. Msichana alipovunja ungo alikabidhiwa somo, akafundwa usafi, heshima na mwenendo wa mtu mzima. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, ulimwengu ulimjua kwa uimbaji wake. Hapa Visiwani alikuwa pia mwalimu wa unyago. Chuoni nako, sisi tuliosoma Safina tulifundishwa alama za kubaleghe, hukumu za hedhi na josho la janaba tungali watoto, na mwalimu hakuona aibu. Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Kwa hiyo wanaodai kuwa mazungumzo haya ni mambo ya kigeni hawana hoja katika mila wala katika dini.

Kilichobadilika ni mazingira. Jamaa wametawanyika, na nyumba nyingi hazina tena somo. Mzazi humwachia mwalimu wa skuli, mwalimu naye humwachia mzazi; na baina yao imeingia simu ya mkononi, ambayo haina haya wala haichagui umri. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Wapo wanaohofia kwamba kumweleza mtoto ni kumfungulia mlango wa uasherati. Hofu hiyo ni ya mzazi mwenye mapenzi, na haifai kubezwa. Hata hivyo, mwongozo wa UNESCO uliorekebishwa mwaka 2018, baada ya kupitia tafiti za nchi mbalimbali, umeonyesha kuwa elimu hiyo haiwaharakishi vijana kuanza vitendo hivyo. Muhimu ni kila umri upewe kiasi chake. Mtoto mdogo inatosha ajue majina ya viungo vyake, na kwamba hapana mtu, hata akiwa jamaa, mwenye ruhusa ya kumchezea na kumwamrisha afiche. Anayekaribia kubaleghe aelezwe mabadiliko ya mwili kabla hayajamfika. Kijana aambiwe waziwazi juu ya mimba, Ukimwi na maradhi mengine ya zinaa, mvulana sawasawa na msichana. Hata chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa kwa wasichana nchini kote mwaka 2018, ni nafasi njema kwa mama kuanza mazungumzo.

Njia ya adhabu tulikwisha kuijaribu. Sheria ya mwaka 1985 ilimpeleka gerezani mwanamke aliyepata mimba nje ya ndoa, na mwaka 2005 kifungo hicho kiliondolewa. Gereza haliwezi kufundisha kile ambacho mzazi ameacha kukifundisha.

Tunatoa wito kwa masheha, viongozi wa Chama matawini, walimu wa vyuo vya Kurani na wauguzi wa vituo vya afya wakae pamoja katika kila shehia, wawape wazazi maneno ya staha wanayoweza kuyatumia nyumbani. Masomo wazee waliobakia waalikwe, wasidharauliwe. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji viongozi wenyewe waanze na watoto wao.

Haya ni pambo la muungwana, na tuendelee kuihifadhi. Lakini haya inayomwacha mtoto peke yake mbele ya mwovu haimhifadhi mtoto; inamhifadhi mwovu.