Vitabu Kuvuka Namanga: Biashara ya Mtandaoni Ina Faida?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu unawafaa vijana wanaouza bidhaa mtandaoni kwa wateja wa nchi jirani, wakidhani kwamba wingi wa maagizo ndio wingi wa faida. Mfano ulio karibu zaidi na wapenzi wa Kiswahili ni kitabu kinachotoka Dar es Salaam kumfikia mwanafunzi aliyeko Nairobi, Eldoret au Maseno.

Soko lipo, hilo halina ubishi. Kazi za Shaaban Robert na Euphrase Kezilahabi husomwa katika vyuo vikuu vya Kenya, ilhali si kila duka la vitabu nchini humo huwa nazo. Muuzaji na mnunuzi hawahitaji mkalimani. Tangu mwaka 2015 wameweza pia kutumiana fedha kwa M-Pesa baina ya nchi hizi mbili. Aidha, Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza kutekelezwa Januari 2005, ulifungua njia ya bidhaa za wanachama kuvuka mipaka bila ushuru wa forodha.

Hata hivyo, kuondolewa kwa ushuru si kuondolewa kwa kodi. Tangu Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013, vitabu nchini Kenya hutozwa kodi hiyo, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16. Juu ya kodi kuna nauli ya kifurushi.

Chukulia kwamba kitabu kimenunuliwa kwa shilingi 600 za Kenya na kitauzwa kwa 900. Kikisafirishwa peke yake kwa basi kwa shilingi 400, gharama inafika 1,000, na kodi ya 160 inaifanya kuwa 1,160. Muuzaji amepata hasara ya shilingi 260, ingawa mteja amelipa na kushukuru. Lakini vitabu 20 vikifungwa katika boksi moja kwa nauli ya shilingi 1,000, kila kimoja kitabeba nauli ya 50 na kodi ya 104. Faida itakuwa shilingi 146 kwa kitabu, yaani 2,920 kwa boksi zima, kabla ya ada za kutuma fedha.

Huenda mtu akasema kwamba dawa ni kupandisha bei. Rai hiyo inamsahau mshindani mkubwa wa muuza vitabu chuoni, yaani mashine ya kudurufu. Bei ikimshinda mwanafunzi, nakala moja itadurufiwa darasa zima. Muuzaji atakosa mteja na mwandishi atakosa mrabaha. Hapo ndipo hasara ya mfanyabiashara inapogeuka kuwa hasara ya fasihi yenyewe.

Kwa hivyo, biashara hii ina faida kwa anayekusanya maagizo, wala si kwa anayekimbilia kila agizo. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina nafasi adhimu hapa: vikusanye mahitaji ya wanachama mwanzoni mwa muhula, malipo yafanywe mapema, na boksi moja livuke mpaka kwa stakabadhi halali. Lugha imekwisha kuwaunganisha wasomaji wa pande zote mbili. Kilichobaki ni hesabu.