Mzinga wa Baruti, Mzinga wa Nyuki

Siafu wakiingia nyumbani usiku, hakuna anayewapiga risasi. Unaamsha watoto, unambeba aliye mchanga, unafungulia kuku wasije wakaliwa bandani, unatoka nje. Mwenye majivu humwaga majivu mlangoni, mwenye mafuta ya taa hunyunyiza. Asubuhi ukirudi siafu wamekwenda zao, na mende hakuna hata mmoja. Bibi yangu aliwaita wafagizi wasiodai ujira.

Nimewakumbuka siafu hao nikisoma hadithi zilizotumwa kwa ajili ya toleo hili. Tuliwaomba waandishi jambo moja tu: chombo cha anga kiko peke yake, mbali na kwao, kinavamiwa na wingu la vyombo vidogo visivyohesabika. Kitajiokoaje? Nyingi kati ya hadithi zilizokuja zilikuwa na nahodha yuleyule. Anasimama mbele ya kioo kikubwa, anakunja ngumi, anaamuru mizinga yote ifyatuliwe. Ukurasa wa pili ngao zimebaki asilimia kumi. Ukurasa wa tatu fundi wa injini, ambaye mpaka hapo hakuwa na jina, anabuni silaha mpya. Ukurasa wa nne adui amekwisha. Hadithi hizo tumezirudisha kwa shukrani, na neno hili ni maelezo ya sababu zetu. (Na jamani, meza za usukani ziache kuwalipukia mabaharia usoni kila chombo kikiguswa. Karne zote hizo zijazo, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kufunga fyuzi?)

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayomwangamiza nahodha huyu kabla adui hajamfikia. Mwaka 1916 mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester, ambaye wengi walimjua kwa magari yake, alichapisha kitabu kuhusu ndege vitani. Humo alionyesha kwamba pande mbili zinapopigana kwa silaha za masafa, kila mpiganaji akiweza kumlenga yeyote wa upande wa pili, nguvu ya upande haifuati idadi bali mraba wa idadi. Vyombo 10 si mara kumi ya kimoja, ni mara 100. Vyombo 1,000 ni mara milioni. Nahodha wetu, ili atoke sare tu na kundi la vyombo 1,000, anahitaji chombo kinachopiga mara 1,000 kuliko kila kimoja cha adui na papo hapo kinachostahimili mapigo mara 1,000 zaidi. Mwandishi anayetaka kumpa chombo cha namna hiyo ana ruhusa yetu, ila ajue kwamba hapo hakuna tena hadithi ya kuzidiwa.

Mizinga ya leo yenyewe inasema hivyo. Manowari nyingi za Marekani zina mzinga wa kujihami uitwao Phalanx, wa milimita 20, unaojiongoza kwa rada yake wenyewe na kufyatua hadi risasi 4,500 kwa dakika. Ukiusikia unanguruma unadhani hata inzi hapiti. Lakini ghala lake hubeba risasi 1,550. Gawanya: ni kama sekunde 20 za kufyatua mfululizo, kisha watu waende wakaujaze. Adui mwenye akili hana haja ya kuushinda mzinga huo. Anahitaji kufika katika sekunde ya 21. Tangu mwishoni mwa 2023 Bahari ya Shamu imeonyesha jambo hilohilo kwa lugha ya fedha, makombora yanayozidi dola milioni moja kila moja yakirushwa kuangusha droni za bei ya gari. Droni zilianguka, ndiyo. Ila kampuni nyingi za meli za mizigo hazikungoja kuona nani atafilisika kwanza. Zilizungusha meli zao Rasi ya Tumaini Jema.

Na hapo bado tuko baharini, ambako kilichopigwa huzama. Angani hakuna kuzama. Kitu kinachokwenda kilomita 3 kwa sekunde hubeba katika mwendo wake nguvu inayolingana na ya baruti ya TNT yenye uzito wake uleule, hata kikiwa kipande cha bati tu. Ukilipua chombo kinachokujia kwa kasi hiyo kikiwa umbali wa kilomita 30, hujakizuia. Umekigeuza kuwa changarawe, na changarawe hiyo itakufikia baada ya sekunde kumi. Mwaka 2007 China ilipoipiga kwa kombora satelaiti yake moja chakavu ya hali ya hewa, vilipatikana vipande zaidi ya 3,000 vikubwa vya kutosha kufuatiliwa kutoka ardhini. Satelaiti moja! Sasa nahodha amelipua vyombo 400, anashangiliwa, na mwandishi amesahau kwamba vyombo vile bado vinakuja, safari hii bila rubani na bila breki.

Basi mzinga wa baruti tuuweke kando kidogo. Kiswahili kina mzinga mwingine, na sidhani kwamba ni mzaha kwamba neno ni lilelile.

Novemba 1914 mizinga hiyo miwili ilikutana Tanga. Jeshi la Waingereza, wengi wao askari kutoka India, watu karibu 8,000, lilishushwa ufukweni kuuteka mji. Upande wa Wajerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa karibu 1,000, wengi wao askari wa Kiafrika, baadhi wakiwa wameletwa kwa reli kutoka Moshi. (Jina la mji huo litatufaa baadaye.) Kwa hesabu ya mraba, wanane kwa mmoja ni sitini na nne kwa mmoja. Ilipaswa kuwa kazi ya asubuhi moja. Lakini manowari ya Waingereza ilikuwa imetangulia kudai mji usalimu amri, na madai hayo yakampa mwenye mji muda wa kukusanya watu. Kisha wale 8,000 hawakupigana uwanjani. Walipenya mashambani na vichakani, ambako aliyeko nyuma hamwoni aliyeko mbele. Sharti la Lanchester, kwamba wote waweze kulenga kwa pamoja, likavunjika. Elfu nane wanaofika kumi kumi ni kumi.

Ndipo nyuki wakaingia. Milio ya bunduki iliwachafua mizingani mwao, wakatoka kwa hasira na kuwauma askari wa pande zote mbili bila kuuliza bendera. Waingereza waliosambaratika walisadiki kwamba Wajerumani waliwatega kwa nyuki, na hadithi hiyo ilienea kwa miaka mingi. Haikuwa hivyo. Nyuki hawakuwa jeshi la mtu. Walikuwa na nyumba, nyumba ikatikiswa. Waingereza walirudi melini, wakaacha nyuma bunduki na risasi tele.

Mimi hadithi ya Tanga naipenda kwa sababu ina makundi mawili, na kila moja linamtaka nahodha ajibu swali tofauti. Kwa kundi la watu 8,000 swali ni: wangapi wanaweza kunifikia kwa mara moja? Jibu lake ni mahali. Chombo kikijibana nyuma ya sayari, nusu ya anga imeshafungwa kwa jiwe. Kikikimbia, wenye mafuta haba hubaki nyuma na wenye mbio hufika peke yao, na chombo kidogo lazima kiwe na mafuta haba. Ila msikimbilie ukanda wa asteroidi kati ya Mirihi na Mshtarii mkidhani ni msitu. Sinema zimetudanganya. Mawe yale yameachana mno hivi kwamba Pioneer 10, chombo cha kwanza kupita humo, kilivuka salama bila kukwepakwepa lolote. Pete za Zohali, hizo ndizo vichaka.

Kwa kundi la nyuki swali ni jingine kabisa, na ndilo waandishi wetu walilikwepa: wanaambianaje?

Muulize mrina asali. Hapandi mtini na bunduki. Anapanda na kienge cha moshi. Nyuki anapouma huacha harufu ya kuwaita wenzake, harufu ambayo puani mwa binadamu inafanana na ya ndizi mbivu, na kila anayeinusa huja kuuma hapohapo. Kwa hiyo nyuki wa kwanza ni ajali, wa ishirini ni amri. Moshi huifunika harufu hiyo. Pia huwafanya nyuki wadhani pori linaungua, wajaze asali tumboni tayari kuhama. Idadi yao haijapungua hata mmoja. Kilichokufa ni mazungumzo.

Filamu ya Star Trek Beyond, ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Justin Lin, ni hadithi ya kienge hicho, ingawa watengenezaji wake huenda hawakuwahi kuona mzinga wa gogo. Mwanzoni chombo Enterprise kinakutana na wingu la vyombo vidogo la Krall, aliyeigizwa na Idris Elba. Silaha za Enterprise ziliundwa kwa kupambana na chombo kimoja kikubwa. Makombora yake hayawezi hata kuwafuata wadogo wale. Wingu linakata mikono ya injini, linakata shingo, na kilichobaki kinaanguka sayarini. Mwishoni mashujaa wanarudi na chombo kikuukuu kilichotelekezwa karibu karne nzima. Wamegundua kwamba wingu linaratibiwa kwa mawasiliano, wanaingiza katika mawasiliano hayo wimbo wa kundi la Beastie Boys kupitia redio ya zamani, na vyombo vinaanza kugongana vyenyewe kwa vyenyewe. Wako waliocheka, wakisema ni utoto. Mimi niliona ndiyo sehemu pekee ya filamu ile iliyofikiriwa kwa makini. Wingu likiwa na umoja wake ni mnyama mmoja. Ukiukata, kila chombo ni dereva asiyeona barabara katikati ya msongamano.

Lakini moshi humtoa machozi hata anayeushika. Anayevuruga mawimbi ya adui huvuruga na yake, na hapo hadithi huanza kuwa na uchungu: je, chombo chetu kinaweza kupigana kikiwa kiziwi? Battlestar Galactica, iliyoanza upya mwaka 2003, ilijengwa juu ya swali hilo. Manowari za kisasa zinazimwa kupitia programu zao zenyewe, na kinachopona ni chombo kizee ambacho nahodha wake alikataa kompyuta zake ziunganishwe. Huo ni ukaidi wa mzee uliogeuka kuwa ngao.

Tulipokea pia hadithi kadhaa za kumuua malkia. Kundi lina malkia, shujaa anajipenyeza, anamuua, kundi lote linaanguka kama embe. Inatosha sasa. Katika mzinga halisi malkia hatoi amri za vita, kazi yake kubwa ni kutaga, na akifa nyuki hulea mwingine. Tena tangu mwaka 1987 tunajua, kwa kazi ya Craig Reynolds, kwamba kanuni tatu ndogo zinatosha kuunda kundi la ndege kwenye kompyuta: usimgonge jirani, fuata anakoelekea, usimwache mbali. Hakuna kiongozi. Kundi la namna hiyo haliuawi kichwa, kwa kuwa halina. Ila linaweza kupewa majirani wa uongo. Julai 1943 ndege za Waingereza zilimwaga juu ya Hamburg vipande vya karatasi ya metali, na rada za Wajerumani zikaona ndege kila mahali. Mwandishi atakayetuletea nahodha anayelipotosha wingu kwa vivuli vya chombo chake mwenyewe, tutamsoma usiku huohuo.

Najua kuna atakayenikumbusha USS Laffey. Tarehe 16 Aprili 1945, karibu na Okinawa, manowari hiyo ilishambuliwa na ndege 22 za Kijapani kwa muda wa dakika 80 hivi. Ilipigwa na ndege zilizojitoa mhanga na kwa mabomu, mabaharia 32 wakafa, na haikuzama. Ni kweli, na kwa baruti. Lakini zile ndege hazikufika zote pamoja, ndege za Kimarekani zilikuwa juu zikisaidia, na iliyoiokoa zaidi ni kazi ya watu walioshika mipira ya maji wakizima moto vyumbani. Hakuna aliyetuletea hadithi ya mzima moto. Ningeipenda.

Kitabu ninachokirudia kila mwaka juu ya jambo hili ni The Invincible cha Stanisław Lem wa Poland, kilichotoka mwaka 1964. Chombo chenye jina la kujisifu, Asiyeshindwa, kinatua kwenye sayari kutafuta chombo ndugu kilichopotea. Kinakuta wingu la visehemu vya chuma vidogo kama inzi, mabaki ya mashine zilizopigana kwa mamilioni ya miaka mpaka zile kubwa zikaisha na ndogo zikabaki. Wingu halichomi wala halitoboi. Linafuta kumbukumbu, za mashine na za watu. Mtambo mkubwa wa vita unatumwa, unachanganyikiwa, unageuka kuwashambulia walioutuma. Mwishowe Rohan, mmoja wa maofisa wa chombo hicho, anakwenda kwa miguu kutafuta wenzake, akiwa na kifaa kinachofanya ubongo wake uonekane kwa wingu kana kwamba umekwisha kuzimika, na wingu linampita. Wingu halikuwa na chuki. Halikujua kwamba kuna vita.

Hadithi inayofungua toleo hili, ukurasa wa tano, ni ya kijana ambaye hajawahi kuchapishwa. Nahodha wake ni mwanamke aliyekulia kwa warina asali. Wingu linapotokea, baharia wa mizinga anamwuliza, "Mama, tufyatue?" Anajibu kwamba azime taa za ubavuni kwanza, kisha injini, kisha redio, na watu wavae mablanketi kwa sababu kutakuwa na baridi. Kisha kurasa tisa nzima wanakaa gizani, wakisikiliza kitu kikitambaa juu ya bati.