Asuransi bila kanivo, tutalipa mara mbili

Wandugu vijana wa Lubumbashi,

Mvula ya mwezi wa kumi na moja ikianza, ku Katuba, ku Kenya na ku Kampemba kazi inajulikana: kupandisha magodoro juu, kuchota mayi ndani ya nyumba, kuhesabu hasara. Hasara hiyo hakuna anayetulipa.

Sheria ya 2015 iliondoa SONAS peke yake ku soko ya asuransi, na tangu 2019 makampuni mengine yalipata ruhusa. Siku moja watakuja ku kartie zetu kuuza asuransi ya mafuriko. Tusiwafukuze, lakini tusisaini macho imefungwa.

Asuransi inatembea hivi: wengi wanatoa kidogo, wachache waliopatwa na msiba wanalipwa. Kama mayi inaingia mu lupango moja kila mwaka, kampuni itaomba pesa sawa na hasara yenyewe, na faida yake juu. Dawa ya nyumba hiyo njo kanivo iliyozibuliwa, na viwanja visiuzwe tena kando ya mito.

Hatusemi asuransi ni bule. Ku Marsabit, inchi ya Kenya, tangu 2010 wafugaji wananunua asuransi inayopima majani kwa satelaiti. Watafiti wa uchumi waliofuata familia hizo kwa ukame wa 2011 waliona wenye asuransi hawakulazimika sana kuuza mifugo ao kupunguza chakula kama wenzao.

Lakini tuangalie Malawi, 2016. Serikali ililipia asuransi ya ukame ku African Risk Capacity, shirika la Umoja wa Afrika. Mamilioni ya watu wako na njaa, hesabu ya kompyuta inasema hakuna cha kulipa, sababu iliwekwa aina ya mahindi ambayo wakulima wengi hawakupanda. Walisahihisha, wakalipa dola karibu milioni 8, lakini kwa kuchelewa. Mwenye kushika vipimo njo mwenye kuamua nani atalipwa.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila komine ibandike ku mulango pesa ya kanivo: iliingia ngapi, ilitoka ngapi, kabla mvula ianze.
2. Vipimo vya mvula vya mji vitolewe wazi kwa wote.
3. Asuransi ya misiba mikubwa ilipwe na Leta, si na mama muuza mboga. Ku Kalehe, Mei 2023, watu zaidi ya 400 walikufa. Mfuko wa hasara za tabianchi uliofunguliwa Dubai 2023 uombwe kwa jina la watu kama hao, na tuone pesa inafika kwao.

Wengi wetu tuko na diploma na kazi hatuna. Kuchora ramani ya mayi, kupima kanivo, tunaweza. Tuanze: piga picha ya kanivo ya avenyu yako, andika tarehe, peleka ku komine, udai jibu la maandishi.

Tusingoje mvula ituhesabie.