Afrika ya Kusini na China: ufunguo wa siri wapitia angani, lakini nani anaushika?

Mwezi wa tatu 2025, wataalamu wa China na wenzao wa chuo kikuu cha Stellenbosch, Afrika ya Kusini, walitangaza kwamba walitumiana picha zilizofungwa kwa ufunguo wa siri kati ya Beijing na Stellenbosch, umbali wa kilometa 12 900. Ufunguo huo, mfuatano mrefu wa 0 na 1, uligawiwa na sateliti ndogo Jinan-1, iliyorushwa mwaka 2022.

Wengi walisema ufunguo wa namna hiyo hauibiki. Ni kweli nusu tu. Mwanga unatumwa chembe moja moja, na mwenye kuchungulia njiani anauharibu. Uharibifu huo unaonekana kama makosa katika ufunguo. Lakini taa za mji na vyombo vyenyewe vinaleta makosa pia, na hakuna anayeweza kutenganisha kosa la mashine na kosa la mwizi. Yote yanahesabiwa kuwa ya mwizi.

Basi pande mbili zinasahihishana. Katika njia iitwayo Cascade, ya Gilles Brassard na Louis Salvail, ufunguo unakatwa vipande, na kila upande unasema kama idadi ya 1 ndani ya kipande inagawanyika kwa mbili. Majibu yakipingana, kipande kinakatwa nusu, tena nusu, mpaka kosa lipatikane. Mazungumzo hayo ni ya wazi, mwizi anasikia. Kwa hiyo kila jibu linalipwa: ufunguo unafupishwa. Makosa yakifika karibu 11 kwa mia, hakuna kinachobaki.

Kazi ya Jinan-1 ni kubwa hapo: inazungumza na kituo cha chini kwa leza na kusahihisha palepale, ikitoa hadi biti milioni 1,07 kwa kupita mara moja.

Tatizo liko pengine. Beijing na Stellenbosch kila mmoja alipatana na sateliti, si wao kwa wao. Sateliti inajua funguo zote mbili, na anayeiongoza ni China. Usahihishaji hauponyi hilo, hata ukiwa mzuri namna gani.

Mwezi wa kwanza 2024, mashirika ya usalama wa mitandao ya Ufaransa, Ujerumani, Uholanzi na Uswidi yalishauri kutanguliza hesabu mpya za kuficha ujumbe. Marekani ilichapisha kanuni zake za hesabu hizo mwezi wa nane mwaka huo. Zinaingizwa kama programu katika mashine zilizopo, bila sateliti ya mtu.