MGONGO NAO NI JERAHA
Sisi wa Ulyankulu, nchi ya Mtemi Mirambo, twajua uzito wa mzigo. Wapagazi wa Unyamwezi walibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Bagamoyo. Katika vita vya Kagera, askari na wanamgambo wa Tanzania nao walikwenda kwa miguu, silaha na risasi mabegani, hadi Kampala ilipotwaliwa tarehe 11 Aprili, 1979. Leo ni wazee. Kovu la risasi kila daktari huliona. Mgongo na magoti yaliyochakaa hayaonekani mpaka mzee ainame kushika jembe. Twaiomba Serikali iongeze asilimia ya ulemavu wa mgongo na viungo. Asiyeweza tena kulima tumbaku yake, ulemavu wake si mdogo.