Raiden Shogun hakulewa madaraka

Mwandishi aliyedai kwamba Raiden Shogun wa mchezo wa Genshin Impact aliamini umilele kwa uroho wa madaraka amesoma amri akaruka msiba. Ni kweli, alifunga mipaka ya nchi yake, Inazuma, na kuwanyang'anya watu vito vyao vya nguvu. Lakini Ei, ndilo jina lake, hakuzaliwa na imani hiyo. Mtawala kabla yake alikuwa pacha wake, Makoto, aliyefia katika ufalme wa Khaenri'ah miaka 500 kabla ya hadithi kuanza. Rafiki zake nao wakapotea mmoja mmoja. Akaona kila hatua ya mbele hudai maiti. Akajifungia ndani ya upanga, kiti akamwachia mwanasesere aliyemuumba mwenyewe. Mroho gani huyo akimbiaye kiti?

Kosa lake liko kwingine: hapakuwa na wa kumpokea. Sisi wa Isiolo tunao majirani Waborana, ambao katika gada, mfumo wao wa uongozi, Abba Gadaa huongoza miaka minane tu, kisha hupisha. Kwao mfiwa hapewi nchi nzima aigandishe kwa kilio chake. Hilo ndilo la kumshtaki Ei, si ulafi.